Ufito, Manyoya na Maji ya Magoti

Wilaya za Karatu na Ngorongoro hazipakani na bahari, ila zina maji mapana yasiyo na kina. Kusini-magharibi mwa Karatu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna Ziwa Eyasi, ambalo kiangazi kikikaza hukauka hata Wadatoga na Wahadzabe wakalivuka kwa miguu. Ukiteremka mashariki kutoka milima ya Sale unafika Ziwa Natron, lenye urefu wa kilomita zipatazo 57 na kina kisichozidi mita 3. Manyara nalo halina kina cha kutisha. Kwa hiyo habari ya uvuvi wa maji mafupi si ngeni kwa msomaji wa huku kama anavyoweza kudhani.

Leo naeleza aina moja ya uvuvi huo: kuvua kwa chambo cha manyoya ukiwa umekaa ndani ya kayaki. Kwao ni pwani, na nitakaa pwani kwa kirefu kwa sababu huko ndiko unakoeleweka. Kisha nitapanda nao huku juu, niseme unafaa wapi na haufai wapi. Ninaloliamini ni hili: vifaa vyake anaweza kuvinunua yeyote mwenye fedha, lakini kazi yenyewe ni kuyasoma maji, na elimu hiyo wavuvi wetu wa pwani wanayo tangu kale bila kupewa heshima yake.

Nianze na chambo. Mvuvi wa mshipi wa kawaida hutegemea uzito ulio mwishoni. Chubwi ya risasi ndiyo inayoruka, na mshipi huifuata. Chambo cha manyoya hakina uzito wa maana. Ni ndoano iliyofungwa manyoya ya ndege, nywele za mnyama na uzi, mpaka ifanane na kamba, kaa mdogo au kidagaa. Ukikirusha kwa mkono kinaanguka miguuni pako. Ndiyo maana uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umevikwa plastiki, na kwa kawaida una urefu wa mita 27 hivi. Mwishoni mwake hufungwa nailoni nyembamba ya mita 3 hivi, ambayo samaki haioni kwa urahisi.

Mvuvi huupeleka mshipi nyuma kwa ufito wa kuvulia, husubiri unyooke hewani nyuma ya mgongo wake, ndipo huusukuma mbele. Mshipi hujikunjua kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, na nguvu ikifika ncha chambo hutua majini bila kishindo. Hapo penye kusubiri ndipo wengi wanaposhindwa. Mwanafunzi hujua mshipi uko nyuma yake, lakini hauoni wala hausikii, akaingiwa na haraka, akasukuma mbele kabla haujanyooka. Nguvu yote inapotea, na mshipi unamwangukia kichwani. Anayejua hungoja mpaka ausikie mshipi ukivuta kidogo kwenye kiganja. Mvuto huo mdogo ndio unaomwambia kwamba wakati umefika, na hakuna kitabu kinachoweza kuufundisha. Mkono lazima uujue wenyewe.

Uvuvi huu ni wa zamani. Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus, aliyeandika karibu na mwaka 200, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufi nyekundu na manyoya mawili ya jogoo kwenye ndoano wakavua samaki wa mtoni. Afrika Mashariki ulifika na walowezi: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Scotland wakapandikizwa katika mto Gura, Kenya, na tangu hapo wengi huku kwetu wameufikiria kuwa mchezo wa mito baridi ya milimani. Kuupeleka baharini, kwenye maji ya magoti, ni jambo lililopata nguvu katika karne ya 20, hasa Florida na Bahamas, na baadaye Shelisheli katika bahari yetu ya Hindi.

Sasa tuingie majini, na tuanze kwa upande wa samaki. Mwanga unapotoka hewani kuingia majini hupinda. Kwa sababu hiyo samaki haoni dunia ya juu kupitia uso mzima wa maji. Huiona kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, na nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo kinachomrudishia sura ya mchanga na majani ya chini. Upana wa duara hutegemea kina alichopo: ni kama mara mbili na robo ya kina hicho. Samaki aliye nusu mita chini ya uso ana dirisha la upana wa sentimita 113 hivi. Akipanda mpaka sentimita 30, dirisha linabaki sentimita 68. Lakini ndani ya duara hilo dogo imekunjwa anga nzima, kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Vilivyo juu ya kichwa chake anaviona waziwazi. Vilivyo chini, karibu na usawa wa maji, vimebanwa kwenye ukingo wa duara na kufifia.

Kutokana na hilo mengi hufuata. Mtu aliyesimama chomboni, kichwa chake kikiwa mita 2 juu ya maji, akiwa mita 8 kutoka kwa samaki anaonekana kwa pembe ya nyuzi 14 hivi. Aliyekaa kwenye kayaki, kichwa chake kikiwa mita 1 tu, kwa umbali uleule yuko kwenye nyuzi 7, ndani ya ule ukingo uliofifia. Yaani anaweza kumsogelea samaki karibu zaidi kabla hajashtukiwa. Hasara ni kwamba naye aliyekaa haoni mbali. Anayesimama huona mbali na huonekana mbali. Anayekaa huona karibu na huonekana karibu. Kila mvuvi wa maji mafupi huchagua kati ya mawili hayo, na wengine husimama kutafuta, kisha hukaa kusogea.

Macho ya mvuvi nayo yana shida yao. Mng'ao wa jua juu ya maji huyaficha yote yaliyo chini. Miwani yenye vioo vya polaroidi huondoa sehemu kubwa ya mng'ao huo, kwa sababu mwanga uliodunda majini hutetemeka zaidi kwa upande mmoja na kioo kile hukata upande huo. Bila miwani hiyo uvuvi wa kumwona samaki kwanza hauwezekani kwa siku nyingi. Jua liwe juu, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na liwe nyuma ya bega lako. Alfajiri ni nzuri kwa mambo mengi, lakini si kwa kuona ndani ya maji.

Sauti nayo ina sheria yake. Majini husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaompa habari za msukosuko wowote wa maji ulio karibu. Maneno ya mdomoni hayamsumbui sana. Kinachomkimbiza ni kafi kugonga ubavu wa chombo, kopo la maji kuanguka sakafuni, au kisigino kukwaruza plastiki. Ndiyo maana wanaojua hubandika vipande vya sponji kila mahali ambapo kitu kigumu hukutana na kitu kigumu.

Kayaki yenyewe ilizaliwa kwenye barafu. Wainuiti wa kaskazini ya mbali waliitengeneza kwa mifupa au mbao zilizovikwa ngozi ya sili, wakaitumia kumnyatia mnyama wa baharini. Za leo ni za plastiki, nyingi zikiwa na kiti cha juu ambacho maji yakiingia hutoka yenyewe. Zinaelea kwenye maji ya kina cha shibiri, na mtu mmoja anaweza kuvuta yake juu ya mchanga. Ila ni nyepesi, na upepo huzichukua. Mvuvi anaporusha mshipi mikono yote miwili ina kazi, na hakuna wa kushika kafi. Kwa hiyo hubeba mti mrefu mwembamba, huuchomeka mchangani kupitia tundu au kitanzi kilicho nyuma, na chombo husimama palepale bila nanga na bila kelele.

Mti huo watu wa pwani wanaujua. Ni upondo. Mzee wa Chwaka kule Unguja au wa Jibondo kule Mafia anayesukuma mtumbwi wake juu ya majani ya bahari kwa upondo anafanya kitu kilekile ambacho huko Florida kimetengenezewa mashua maalumu za bei kubwa. Mtumbwi wa mti wa mwembe hauzami sana majini, haulii ukiguswa taratibu, na umekaa chini. Ngalawa yenye ndubi mbili ni imara zaidi kwa anayetaka kusimama. Sisemi kayaki haina faida: haihitaji mti mkubwa kukatwa, haiozi, na mwanafunzi huizoea upesi. Lakini anayeileta pwani ya Tanzania akidhani analeta elimu mpya amechelewa sana. Hata kuvua kwa chambo cha kudanganya si kugeni: mshipi wa kurambaza, unaokokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda, umekuwa ukifanya hivyo kwa miaka mingi.

Elimu kubwa kuliko zote ni ya kupwa na kujaa. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila kujaa kukifuata kwa saa 12 na dakika 25 hivi, na kwa hiyo kesho saa ya leo husogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya maji makavu na maji makuu katika Zanzibar na Dar es Salaam hupita mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka mpaka mita 1 hivi. Kwenye ufuko ulio tambarare mita 3 za kimo ni kilomita nzima ya mchanga, majani na miamba inayofunikwa na kufunuliwa.

Samaki huishi kwa ratiba hiyo. Maji yanapopwa hurudi kwenye mikondo na vilindi. Yanapoanza kujaa hungoja kwenye mlango wa mkondo, na kina kikiwatosha tu kufunika mgongo huingia juu ya tambarare kuwinda kaa, kamba na vidagaa ambao muda mfupi uliopita walikuwa salama. Mvuvi mwenye akili haendi kuzungukazunguka. Hufika mlangoni kabla maji hayajageuka, huchomeka upondo wake, huelekeza uso kule wanakotoka, na kungoja. Saa moja na nusu za mwanzo wa kujaa zina thamani kuliko kutwa nzima ya kupiga kafi.

Kuna ishara moja ambayo hunifurahisha kuliko zote, na ningependa kila kijana wa pwani anayetaka kazi hii aijue. Tafuta taa. Samaki huyo mpana hula akiwa amejilaza chini, anapigapiga mabawa kufukua mchanga, na nyuma yake hubaki wingu la tope. Kwa mbali utaliona kama moshi hafifu unaotembea majini. Mara nyingi juu ya mgongo wake, au kando kidogo, yuko kolekole. Hakuja kumsaidia taa. Anangoja kaa na vidagaa wanaokurupuka kutoka kwenye maficho yao, na huwadaka kabla hawajapata pa kujificha. Kolekole aliye katika hali hiyo haogopi sana, kwa sababu macho yake yote yako kwenye tope. Chambo kikitua mita moja mbele ya taa na kuvutwa kwa mikupuo mifupi kinaonekana kama mmoja wa wale waliokurupuka. Kinachofuata hakihitaji maelezo: mshipi unakata maji, na kayaki yenyewe inageuka na kufuata, maana kolekole mkubwa ana nguvu ya kuiburuta. Hapo kayaki ina faida ambayo mashua nzito haina. Samaki huchoka kwa kuvuta chombo, si kwa kupambana na nailoni peke yake, na nailoni haikatiki upesi.

Mwatiko ni habari nyingine. Hula mwani na vitu vidogo vilivyomo majini, na kwa muda mrefu wavuvi wa michezo waliamini hashiki chambo cha manyoya. Walioendelea kumtazama huko Shelisheli waligundua kwamba akipewa kitu cha kijani, laini, kinachoelea bila kuvutwa, kama kipande cha mwani kilichokatika, humeza. Somo lake ni kubwa: hakuna haja ya kumlazimisha samaki ale kisichokuwa mlo wake. Mzia hushika upesi lakini meno yake hukata nailoni, na anayemtafuta lazima aweke kipande kifupi cha waya mbele ya ndoano.

Kabla sijaondoka pwani niseme la hatari, kwa sababu kayaki huwapa watu ushujaa wasiostahili. Kupwa kwa bamvua hakusubiri mtu. Chombo kinaweza kuachwa juu ya tope laini kilomita moja kutoka majini, jua likiwa kali na maji ya kunywa yamekwisha, na kutembea juu ya tope hilo ni kuzama mpaka mapajani. Kwenye milango ya ghuba maji yanayotoka huenda kasi kuliko kafi ya mtu mmoja. Upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka, asubuhi tulivu hubadilika kabla ya adhuhuri. Ukishuka kutembea, buruza nyayo zako mchangani usiinue mguu, ili taa akusikie na kuondoka badala ya kukanyagwa na kukuchoma kwa mwiba. Na kila anayekwenda aseme pwani ameelekea wapi na atarudi kwa maji gani.

Huko Andros, kisiwa cha Bahamas, mwaka 1977 Mmarekani Bob Nauheim alifunga chambo kidogo cheupe akakiita kwa jina la mwongozaji wake, Charlie Smith, mvuvi wa kisiwani humo. Chambo hicho kinaitwa Crazy Charlie, na kinauzwa dunia nzima mpaka leo. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha mpangilio wa kazi ulivyo. Mgeni alileta ufito na fedha. Mwenyeji alijua samaki wako wapi, wanakuja saa ngapi, wanakula nini, na jina lake ndilo lililobaki. Waongozaji wa Bahamas wanalipwa kama mafundi, na wageni huweka miadi nao mapema.

Pwani yetu ina vitu vyote vinavyohitajika kwa kazi hiyo: Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 na ya kwanza ya aina yake nchini, mikoko ya delta ya Rufiji, Kilwa, Ghuba ya Chwaka na ya Menai kule Unguja. Kinachokosekana ni kumtambua mwenye upondo kuwa mtaalamu. Mara nyingi hukodiwa kubeba mizigo na kusukuma chombo, huku mgeni mwenye vifaa akijifanya ndiye kiongozi. Kijana anayejua bamvua na maji mafu, mlango upi unajaa kwanza na taa hula wapi, anastahili ujira wa mwalimu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inamtaka mvuvi wa Tanzania Bara kuwa na leseni, na Zanzibar ina sheria yake. Mgeni na mwongozaji wake waulize ofisi ya uvuvi kabla ya kuingia majini, na ndani ya hifadhi ya bahari waulize mara mbili.

Sasa tupande huku juu, na nianze na Natron, kwa sababu huko jibu langu ni hapana.

Maji yake ni ya magadi, makali kiasi cha kuchoma macho na ngozi yenye jeraha, na sehemu zake zenye joto zinaweza kufika nyuzi 60. Sakafu yake ni tope lililofunikwa na ukoko. Hakuna kayaki wala mtumbwi unaopaswa kwenda humo kwa starehe. Lakini pembezoni, ambako chemchemi za moto na mito kama Peninj huingia, wako samaki. Wataalamu wanawaita Alcolapia, jamaa wadogo wa perege, na hawazidi sana urefu wa kidole. Ziwa Natron lina aina tatu, mojawapo ikiwa Alcolapia alcalica iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1905. Jamaa yao wa nne yuko Ziwa Magadi, upande wa Kenya.

Samaki hawa wanaishi mahali ambapo kwa hesabu ya kawaida wangekufa. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia mashavu, na katika maji makali ya magadi amonia haitoki kwa urahisi. Ingebaki mwilini ikawaua. Utafiti uliochapishwa 1989 ulionyesha kwamba samaki wa Magadi hubadilisha uchafu huo wote kuwa urea, kama sisi tunavyofanya kwenye ini, kisha hutoa urea. Ni jambo adimu mno kwa samaki. Mmoja wa hawa wa Natron, mwenye midomo mipana iliyoelekea chini, hukwangua mwani juu ya mawe. Dume huchimba kishimo mchangani akakilinda, na jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe.

Mtu anaweza kuyaona yote haya akiwa amechuchumaa pembeni ya chemchemi yenye maji ya kifundo cha mguu. Kila nililosema kuhusu dirisha la samaki linafaa hapo: ukikaribia umesimama, wanatawanyika, ukikaribia umeinama, jua likiwa nyuma yako bila kuwatupia kivuli, wanarudi kwenye vishimo vyao baada ya dakika chache. Ndoano isiwaguse. Makazi yao ni vipande vichache vya maji duniani kote, na ziwa hilo, ambalo mwaka 2001 liliwekwa kwenye orodha ya ardhioevu za Ramsar, ndilo pia linalozalisha takribani robo tatu ya heroe wadogo wa dunia. Ningependa kuona shule za Digodigo, Samunge na Pinyinyi zikiwapeleka watoto kuwatazama. Wamaasai hawakuwa na mazoea ya kula samaki, na hilo halimzuii mtu kuwajua wa kwao.

Eyasi ni tofauti. Mvua zikiwa nyingi, kama zile za El Niño, mito huleta maji na samaki, ziwa hufurika, viboko hufika, na watu huvua. Huko wako kambale, anayeweza kupumua hewa maji yanapochakaa, na kamongo, mwenye mapafu, anayejifukia topeni akijivika ute mpaka mvua irudi. Yuko pia perege mdogo aitwaye Oreochromis amphimelas, wa maziwa ya magadi ya Manyara, Eyasi na Kitangiri, ambaye hapatikani nje ya Tanzania.

Je, chambo cha manyoya kinafaa huko? Kwa maoni yangu, kidogo sana. Uvuvi huu unategemea macho, ya mvuvi na ya samaki, na maji ya Eyasi yakijaa yana tope. Kambale hutafuta mlo kwa sharubu na harufu. Manyoya makavu hayamwambii kitu. Anayetaka kitoweo atumie ndoano na chambo chenye harufu. Kwenye vijito vya chemchemi za Mangola, ambako maji hutoka safi kabla ya kugawiwa kwenye mashamba ya vitunguu, perege anaonekana, na dume anayelinda kishimo hushambulia kitu kidogo kinachopita. Lakini kumvua dume huyo ni kuacha kishimo bila mlinzi, na maji yale yana wenyewe wanaoyagawa kwa zamu. Singemshauri mtu.

Jambo ambalo Eyasi inafaa kuliko mahali pengi ni kujifunzia. Kiangazi, sakafu ya ziwa ikishakauka na kuwa ngumu, unapata uwanja tambarare usio na kichaka cha kunasa mshipi nyuma yako. Funga kipande cha uzi wa sufi mwekundu badala ya ndoano, weka kofia chini mita 10 mbele yako, kisha kaa chini, usisimame, kwa sababu kwenye kayaki utakuwa umekaa na ufito utakuwa karibu na ardhi. Geuka upepo ukupige bega la kushoto kama unarusha kwa mkono wa kulia, ili mshipi usikurudie usoni. Rusha nyuma, ngoja ule mvuto kiganjani, sukuma mbele. Uzi ukianza kuanguka ndani ya kofia mara nyingi kuliko nje, isogeze mpaka mita 15. Akili ikishaacha kuhesabu na mkono ukaanza kungoja wenyewe, panda basi la Tanga au Dar es Salaam, na ukifika ufukweni mtafute kwanza mwenye upondo kabla ya kumtafuta mwenye kayaki za kukodisha.